Kufunga heda za ekzosi mwenyewe nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu mwenye gari la spoti, jeki, wikiendi moja isiyo na shughuli nyingine, na asiyeogopa kuchafuka. Yamepangwa kama yanavyomjia mtu: kwanza ya kabla ya kununua, kisha ya chini ya gari, halafu ya pale injini inapowashwa. Utaona nimekaa zaidi kwenye kufungua vya zamani kuliko kufunga vipya. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo: heda mpya huingia kwa saa moja au mbili, manifoldi ya zamani inaweza kukulaza chini ya gari siku nzima.

Heda ina tofauti gani na manifoldi iliyokuja na gari?

Manifoldi ya kiwandani mara nyingi ni chuma cha kumimina, kizito na kinene, chenye njia fupi zinazokutana mapema. Aliyeibuni alitaka idumu, isipige kelele, ichukue nafasi ndogo na kuipa katalisti (kifaa kinachosafisha moshi wa ekzosi) joto haraka. Heda ni mabomba. Kila silinda inapewa bomba lake, nayo yanasafiri umbali fulani kabla ya kukutana kwenye kikusanyio.

Wengi hudhani siri ni upana wa njia. Si hivyo tu. Moshi hautoki kwenye injini mfululizo kama maji ya mfereji, unatoka kwa mipigo. Mpigo mmoja ukifika kwenye kikusanyio, nyuma yake unarudi mvuto, yaani shinikizo la chini. Mvuto huo ukifika kwenye silinda wakati vali ya moshi haijafunga na ya hewa imeanza kufunguka, unanyonya moshi uliobaki na kuikaribisha hewa mpya. Kwa hiyo urefu na kipenyo cha bomba ni hesabu ya wakati. Bomba nene kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini hata kama sauti yake inatisha.

Nitapata nguvu kiasi gani?

Inategemea ulikotoka. Injini ya silinda 4 isiyo na turbo, ambayo kiwanda tayari kiliipa manifoldi ya mabomba, itakuongezea nguvu farasi chache tu. V8 ya lita 5 au 6 ikipata heda ndefu na kompyuta ya injini ikapangwa upya, nguvu farasi 15 hadi 30 si jambo la ajabu. Kuna magari mengine ambayo kilele cha nguvu si hoja kabisa. Wenye Toyota 86 na Subaru BRZ za kizazi cha kwanza, zilizoingia sokoni 2012, hutafuta kujaza lile bonde la toki, yaani nguvu ya kuzungusha inayoshuka ghafla, karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, pale gari linapoonekana kuvuta pumzi kabla ya kuendelea.

Ukiahidiwa nguvu farasi 50 kwa heda peke yake kwenye injini ya lita 2 isiyo na turbo, funga pochi.

Gari langu lina turbo. Haya yananihusu?

Kwa sehemu ndogo. Kwenye turbo, manifoldi ndiyo inayobeba na kulisha turbo yenyewe, na kuibadilisha kunagusa mabomba ya oili na ya maji. Ni kazi nyingine. Tena baadhi ya injini za siku hizi zimemiminwa manifoldi ndani ya silinda hedi, hakuna kitu cha kufungua. Chungulia kwanza kabla hujaagiza.

Nichukue fupi au ndefu? 4-1 au 4-2-1?

Heda fupi hukaa pale pale ilipokuwa manifoldi na kuungana na bomba la zamani bila kukata kitu. Faida yake ni ndogo, maumivu yake pia. Heda ndefu ndiyo inayofanya kazi ya mvuto vizuri, lakini inashuka hadi chini ya sakafu, inasogeza sensa za oksijeni (zile zinazopima oksijeni ndani ya moshi), na mara nyingi inachukua nafasi ya katalisti.

4-1 huyaunganisha mabomba manne mara moja na kwa kawaida hupendelea mizunguko ya juu. 4-2-1 huyaunganisha mawili mawili kwanza, na hujaza vizuri katikati. Kwa gari la barabarani ningechagua 4-2-1 bila kujiuliza mara mbili. Muda mwingi unaendesha katikati, si kwenye mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko.

Na chuma chake?

Chuma cha kawaida ni rahisi kupata na kutu huipenda, isipokuwa ikipakwa seramiki ndani na nje. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 409 hushika sumaku na hupata wekundu wa juujuu, lakini hudumu. Cha 304 ndicho kinachong'aa dukani. Kikipata moto kitageuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu karibu na silinda. Hilo si kosa, ni joto tu.

Ule utepe wa kuzungushia mabomba kuzuia joto una pande mbili. Chini ya boneti hupoa kweli, lakini unashika unyevu, na juu ya chuma cha kawaida huficha kutu hadi siku bomba linapotoboka. Mimi hupendelea seramiki.

Vipi kuhusu katalisti na sheria?

Soma kanuni za mahali unapoendesha kabla ya kununua, si baada. Nchi nyingi zinakataza kuondoa katalisti kwenye gari la barabarani, na gari lisilo nayo hushindwa ukaguzi wa moshi. Angalia hasa kama katalisti ya gari lako imejengwa ndani ya manifoldi yenyewe, kama ilivyo kwenye hizo 86 na BRZ. Hapo kuondoa manifoldi ni kuondoa katalisti. Zipo heda zinazokuja na katalisti yake. Ghali zaidi, ndiyo, lakini utalala vizuri, na jirani naye hatanusa gari lako kila asubuhi.

Nahitaji vifaa gani?

Jeki na stendi nne imara, soketi fupi na ndefu, ekstensheni za urefu tofauti, kiungo cha soketi kinachopinda, spana za pete, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), mafuta ya kupenya kutu, brashi ya waya, tochi ya kichwani, miwani, na soketi ya sensa ya oksijeni yenye mpasuko wa kupitisha waya. Sensa nyingi huchukua spana ya milimita 22. Kiungo kinachopinda ndicho watu husahau, kisha wanakitafuta usiku gari likiwa hewani.

Gari nilinyanyue vipi?

Kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yamezuiwa, uzito wote juu ya stendi na si juu ya jeki. Ukishaliweka, lisukume kwa nguvu kabla hujaingia chini. Kama litacheza, lishushe uanze upya. Injini ipoe saa kadhaa, na waya hasi wa betri utoke, kwa sababu heda nyingi hupita jirani na stata, na nyaya za stata hazina fyuzi ya kukuokoa.

Nati zimeota kutu. Nianzie wapi?

Anza siku mbili kabla. Pulizia mafuta ya kupenya kwenye kila nati na kila stadi, yaani zile bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye silinda hedi. Acha usiku kucha, pulizia tena asubuhi, na ukiweza endesha gari kati ya mara hizo mbili. Chuma kinapopata moto na kupoa kinatanuka na kusinyaa, na mafuta yanavutwa ndani ya nyuzi.

Siku yenyewe, usianze kwa kulegeza. Tumia soketi ya pembe sita, ikae hadi chini, kisha kaza kidogo sana, kama upana wa ukucha. Utasikia mlio mdogo mkavu: kutu imevunjika. Sasa legeza robo mzunguko, rudisha nusu ya hiyo, pulizia, legeza tena. Nati inayotoka huku inalia kama mlango wa zamani irudishwe ndani kidogo kabla ya kuendelea. Inachosha, na ndiyo sababu hii ni kazi ya wikiendi. Usipige bomba refu kwenye mpini wa spana kwa hasira. Stadi ya milimita 8 haihitaji nguvu nyingi kukatika.

Moto nao husaidia: ipashe nati, si stadi. Lakini mafuta ya kupenya huwaka, bomba la petroli haliko mbali, na baadhi ya vipulizo vya kusafishia breki vina klorini ambayo ikiungua hutoa gesi ya sumu. Kama umepuliza hicho, usiwashe moto.

Stadi imekatika. Nimeharibu gari?

Hapana, ila ratiba yako imebadilika. Zinazokatika mara nyingi ni za mwisho, huku na huku, kwa sababu manifoldi ndefu ya chuma cha kumimina husinyaa na kutanuka zaidi kwenye ncha zake na kuzikata polepole kwa miaka. Usishangae kukuta moja ilishakatika kabla yako.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ile ya nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, pale mkono unapoingia lakini jicho haliingii. Spana ikawa laini ghafla, ule ulaini mtamu unaodhani ni ushindi. Nikaitoa soketi, na nusu ya stadi ikiwa ndani yake. Nilikaa sakafuni dakika kumi nikiitazama.

Kama kuna kipande kimebaki nje baada ya manifoldi kutoka, bahati yako: kishike kwa koleo la kujifunga, au weka nati mbili uzikaze moja juu ya nyingine, kisha zungusha ile ya chini. Kama kimekatika usawa na hedi, njia bora ni kuchomelea nati mpya juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe hulegeza kutu, na ukiiacha ipoe kidogo hutoka kwa urahisi wa kushangaza. Kama huna mashine hiyo, mwite fundi wa kuchomelea aje ulipo, na betri ibaki imefunguliwa.

Kutoboa ni njia ya mwisho. Piga alama katikati kabisa, anza na keekee nyembamba, tumia ile inayokata kinyumenyume, kwani mara nyingine huivuta stadi yenyewe. Hedi nyingi ni za aluminiamu na keekee ikiteleza itakula aluminiamu kabla ya chuma. Vile vivutio vya kugongomea ndani navyo viogope: ni vigumu na vinavunjika, na kipande chake kikibaki shimoni, keekee ya kawaida haikigusi.

Naufuta vipi uso wa silinda hedi?

Ziba kila tundu la moshi kwa kipande cha kitambaa safi, hesabu vipande, na uvitoe vyote mwishoni. Kwangua gasketi ya zamani kwa kikwangua cha plastiki au wembe ulioshikwa kwa utulivu. Diski za msasa za mashine zikae mbali na aluminiamu. Zinachimba mabonde yasiyoonekana na yatakayovuja. Weka rula ya chuma juu ya bamba la heda mpya pia. Heda za bei nafuu wakati mwingine hupindwa na joto la kuchomelea tangu kiwandani, na bamba lililopinda halinyooshwi na bolti.

Gasketi ipi? Nipake silikoni?

Gasketi ya chuma cha matabaka, ikiwezekana ile ile ya mtengenezaji wa gari, mradi matundu yake yalingane na ya heda. Zile nyembamba kama karatasi zinazokuja bure ndani ya boksi huungua mapema. Silikoni usipake. Joto la pale linaishinda, na mvuke wa silikoni huharibu sensa za oksijeni.

Nikaze kwa mpangilio gani?

Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Zote, kabla hujakaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mapema, ya mwisho haitaona tundu lake. Kisha anzia katikati ukienda nje, kwa awamu mbili au tatu. Kipimo kitafute kwenye kitabu cha gari lako. Kwa mfano, kwenye V8 za familia ya LS za General Motors kinajulikana vizuri: awamu ya kwanza Nm (newton-mita) 15, ya pili Nm 25. Ni kidogo kuliko mkono unavyotaka, na hiyo ndiyo kazi ya toki renchi. Paka grisi ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi kama kitabu kinaruhusu, tone dogo tu.

Baada ya gari kupata moto na kupoa kabisa mara mbili tatu, rudia kukaza. Bolti zitakuwa zimelegea kidogo, hasa kama gasketi ni mpya.

Heda haipiti, inagonga kitu.

Jaribu kutokea chini kwanza, halafu juu. Kwenye baadhi ya magari lazima utoe stata, fimbo ya stering, au unyanyue injini sentimita chache kwa kulegeza mauntingi yake (vishikizo vyake) na kuweka jeki chini ya sampu (bakuli la oili) na ubao katikati. Soma maelekezo ya heda yenyewe kabla ya kusukuma.

Ikishakaa, pitisha kidole kuzunguka mabomba yote. Pale kidole kisipopita, injini ikiyumba bomba litagonga. Mabomba ya breki, nyaya za plagi, nyaya za stata na mpira wa stering visogezwe au vivikwe soksi ya kuzuia joto. Waya wa plagi unaogusa heda haufiki jioni.

Sensa za oksijeni zinahitaji nini?

Zitoe injini ikiwa vuguvugu, si ya moto, na usiizungushe na waya wake. Weka alama ipi ni ya mbele na ipi ya nyuma ya katalisti, kwani zinafanana sura lakini kazi si moja: ya mbele hupanga mchanganyiko wa mafuta, ya nyuma huchunguza katalisti. Nyuzi mara nyingi ni M18 x 1.5. Kwenye heda ndefu utahitaji waya wa kurefushia. Nunua ule wenye plagi zake, usikate waya wa kiwandani. Mdomo wa sensa uelekee chini kidogo, si juu, ili maji yanayojikusanya bombani yasiizamishe.

Kuwasha mara ya kwanza kukoje?

Kabla ya ufunguo, futa mabomba yote kwa spiriti na glavu safi mkononi. Alama ya kidole chenye mafuta huungua kwenye chuma kinachong'aa na kubaki hapo milele, mistari yote ya kidole inasomeka. Nina heda yenye sahihi yangu hivyo.

Sukuma gari nje au fungua milango yote. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na wakati huu ekzosi yako huenda inavuja. Washa, sikiliza, acha inguruma taratibu kama dakika kumi, zima, acha ipoe. Rudia. Moshi kutoka juu ya mabomba ni mafuta ya kiwandani na alama za mikono, utaisha. Moshi unaoongezeka badala ya kupungua, au harufu ya plastiki, zima papo hapo utafute kinachogusa.

Nasikia tiki-tiki asubuhi, kisha inapotea.

Inavuja kwenye gasketi au bolti, na chuma kikitanuka kinaziba. Wengi huichanganya na mlio wa vali. Injini ikiwa baridi, puliza hewa ya vakyumu ya nyumbani kwa upande wa kutoa kwenye bomba la nyuma, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungo: povu litakuonyesha. Baada ya siku kadhaa hata povu halihitajiki, utaona alama nyeusi ya masizi palipovuja.

Usiidharau. Kati ya mpigo na mpigo, tundu hilo hilo linalotoa moshi huvuta hewa ya nje. Likiwa kabla ya sensa ya mbele, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache na kuyaongeza. Ndiyo maana gari linakunywa mafuta kuliko zamani na wewe unalaumu heda.

Taa ya injini imewaka, na kisoma hitilafu kinaonyesha msimbo P0420?

Hiyo, au P0430 kwa upande wa pili wa V, ina maana sensa ya nyuma inaona katalisti haifanyi kazi yake. Kama katalisti ipo, tafuta uvujaji kwanza. Kama uliiondoa, kompyuta inasema kweli. P0135 ni hita ya sensa ya mbele: kwa kawaida plagi ya waya wake haikuingia sawasawa au waya umelala juu ya bomba.

Lazima nipange kompyuta upya?

Kwa heda fupi, mara nyingi hapana. Kipima hewa huona ongezeko dogo na kujirekebisha. Kwa heda ndefu, ndiyo, na bila hivyo umelipia bomba na kuacha nusu ya faida. Ipange baada ya uvujaji wote kuisha, vinginevyo fundi atakupangia uvujaji.

Manifoldi ya zamani niitupe?

Usiitupe. Ipake mafuta, ifunge na kava zake za joto pamoja na bolti zake kwenye mfuko wenye jina la gari. Siku ya kuuza, mnunuzi mmoja atataka heda na mwingine atakataa hata kuliangalia gari lenye heda. Na kama katalisti iko ndani yake, ina madini ya thamani, kwa hiyo usiiache nje ya geti usiku.